Simu Iliyofundishwa Shikamoo

Mwaka huo ni ule tuliokula uwele tu. Uji wa uwele asubuhi, ugali wa uwele mchana, na mlenda wa kukausha ukishuka kooni wenyewe bila kuombwa. Mahindi yalikauka shambani yakiwa bado magotini, na aliyekuwa na kuku alimla hata yule anayetaga. Walimu wataukumbuka kwa namba. Sisi tunaukumbuka kwa meno, maana uwele ule ulisagwa na mashine mbovu, umejaa mchanga.

Mvua ilichelewa. Mto wetu ni wa mchanga mtupu, miezi mingi juu hauna tone, maji yamelala chini. Wanawake tunachimba shimo, tunashuka ndani, tunachota kwa kata. Kiangazi kikizidi, shimo nalo linazidi kwenda chini, mpaka mchotaji haonekani, unaona ndoo tu ikipanda. Ubaya wa mto huu ni kwamba hauagi wala haubishi hodi. Mvua inanyesha kule juu milimani, huku kwetu jua linachoma, halafu maji yanashuka ghafla kama ng'ombe waliovunja zizi. Kila mji hapa kijijini una mtu au mbuzi aliyekwenda nayo. Mimi yalimchukua dada yangu tukiwa wasichana. Tulipata kanga yake tu.

Kwa hiyo walipokuja vijana wawili wa mradi, mvulana na msichana, sikuwafukuza. Walikuwa wamefunga kijisanduku kwenye daraja la kule juu, kinakula jua, kinayatazama maji. Maji yakipanda, kinapiga chenyewe kwenye simu zote zilizoandikishwa huku chini, na sauti ya mtu inasema tutoke mtoni. Walitaka nyumba za karibu na mto, na yangu ndiyo ya karibu kuliko zote. Kwangu mtandao haushiki ila sehemu moja, kwenye nguzo ya zizi. Basi kitochi changu, kisimu cha vitufe, nimekitundika hapo hapo, ndani ya kibuyu nilichokikata mdomo. Kikilia humo, kinalia kama ngoma ya harusi. Hilo sikufundishwa na mtu.

Wakafanya jaribio. Kibuyu kikalia, nikapokea.

"Tahadhari! Tahadhari! Ondokeni mtoni!" Sauti ya kasichana.

"Wewe mtoto wa nani?" nikauliza.

"Tahadhari! Tahadhari!"

Hakuna shikamoo, hakuna habari za nyumbani. Katoto kananifokea, tena kwenye zizi langu! Nikakata. Ikapiga tena, nikakata tena, safari hii na tusi dogo.

Vijana walipopita nyumba kwa nyumba kuuliza, wakakuta wazee karibu wote tumekata. Mzee jirani yangu wa ng'ambo aliwaambia waziwazi: "Mimi nilijua ni matapeli. Mtu mwema huanza na salamu."

Yule mvulana akacheka mbele yangu. "Bibi, ile ni mashine. Mashine haiamkii watu."

"Basi mashine yenu haina wazazi. Irudisheni ikalelewe."

"Lakini bibi, maji hayasubiri salamu."

"Na mimi siondoki kwangu kwa kufokewa na mtu nisiyemjua. Wewe ungeondoka?"

Mwenye akili alikuwa yule msichana. Akavuta kigoda, akakaa. "Bibi, mwanao akija mbio kukuambia nyumba inaungua, anasemaje?"

"Anasema, shikamoo mama nyumba inaungua."

"Kwa pumzi moja?"

"Kwa pumzi moja. Inamchelewesha nini?"

Akatoa simu yake, akaingiza sauti mpya pale pale, mbuzi wakilia nyuma yake: "Shikamooni wazee wetu. Maji yamepanda darajani, yanakuja. Tokeni mtoni sasa hivi." Nikamwambia hapo sasa amesema.

Hazikupita siku nyingi. Ilikuwa mchana, jua la kupasua kichwa, mbingu nyeupe. Mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, alikuwa ameshuka shimoni kuchota, mjukuu wangu yuko mgongoni. Kibuyu kikalia.

"Shikamooni wazee wetu."

"Marahaba," nikaitikia. Sauti ikaendelea: "Maji yamepanda darajani..."

Sikungoja mwisho. Nilipiga yowe ambalo sijapiga tangu siku ya dada yangu, nikashuka ukingoni na magoti yangu haya mabovu, mara kwa kukimbia, mara kwa kuteleza kwa makalio.

"Toka humo! Maji!"

Kichwa hakikuonekana, sauti tu kutoka chini. "Maji gani, mama? Mvua iko wapi?"

"Simu imesema!"

"Ngoja nijaze hii ya mwisho."

"Utaijazia kwenu! Nipe mtoto!"

Nikalala kifudifudi juu ya mchanga, nikanyoosha mikono. Nilijua atabishana na mimi mpaka jioni, lakini mtoto wake akiondoka, atamfuata. Akaninyooshea mtoto, nikamshika, nikageuka nikapanda ukingo bila kuaga. Nyuma namsikia: "Mama! Mama, unampeleka wapi?" Akatoka shimoni kwa hasira, akanifuata akinung'unika. Alinishika mkono juu ya ukingo, tayari kunigombeza.

Ndipo tukausikia mto. Kwanza kama lori la mbali, halafu povu la udongo, magogo, banda la kuku la mtu, vyote kwa pamoja. Shimo lake lilifunikwa huku tukiliangalia.

Mkwe akakaa chini. Akamchukua mtoto, akamnusa kichwa, akamnusa tena. Ng'ambo niliwaona wanawake wengine wamesimama na watoto wao, kila mmoja juu, mzee jirani katikati yao akipunga fimbo kama aliyeshinda uchaguzi. Walikuwa wametoka wote. Pumzi niliyoishusha pale ilikuwa imenikaa kifuani tangu usichana.

"Ndoo yangu mpya," mkwe akasema.

Nikacheka mpaka nikalia. Naye akacheka. Siku hiyo nilimchinja jogoo pekee aliyebaki, na sikumjutia hata kidogo.

Vijana walirudi maji yalipopungua. Mvulana, safari hii, aliniamkia kutoka mbali kabisa. Akasema wakubwa wao wana mkutano Singida mjini, wanataka bibi mwenyewe akawaeleze habari ya shikamoo. Nitalala hotelini, nitakula wali na nyama.

"Siendi. Nikiondoka, simu atapokea nani?"

"Si mkweo yupo, bibi?"

Mkwe wangu alikuwa anajitwika ndoo nyingine, mtoto mgongoni, anateremkia shimo jipya. Nilimwonyesha kwa kidevu. Mvulana akamtazama, lakini bado akajaribu: gari litanifuata mpaka hapa mlangoni, kesho yake nimerudi.

"Siendi. Nikiondoka, simu atapokea nani?"