Siku Mama Alipoufuata Mlango Wetu

Mlango wetu uliibwa tulipokuwa Milola kwa bibi, tukiokota korosho. Ndani ya nyumba hamkuwa na cha maana, kwa hiyo mwizi aliung'oa mlango wenyewe, wa mninga, aliouchonga marehemu babu. Tuliporudi Lindi tulikuta kuku wa jirani wametulia sebuleni kama wenye nyumba.

Mtaa wetu ulikuwa na wezi wengi, na karibu wote tuliwajua. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka yalifunguliwa kila kona, yamejaa sabuni za harufu na mashati ya mitumba, lakini mifukoni mwa watu hakukuwa na kitu. Ukianika nguo, unakaa nayo mpaka ikauke. Sufuria zililala chini ya kitanda. Tulipocheza polisi na mwizi, hakuna mtoto aliyekubali kuwa polisi.

Mama alitua mzigo, akautazama uwazi wa mlango, kisha akauliza, "Mjomba wenu yuko wapi?"

Mjomba alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alitufundisha kuogelea, akatuchekesha hadi mbavu zikauma, na mikono yake ilikuwa myepesi kwa vitu vya watu. Yeye ndiye tuliyemwachia nyumba. Sasa hakuonekana.

Kesho yake dada yangu alirudi kutoka bombani mbio, ndoo haina maji. "Mama, nimeuona mlango wetu. Wameupaka rangi ya kijani."

Ulikuwa kwenye duka jipya karibu na soko. Chini yake kilikuwepo kile kipande cha bati alichopigilia babu pale panya walipotafuna. Mwenye duka, Mmakonde mpole aliyehamia mjini karibuni, alisikiliza kwa adabu.

"Dada, mimi nimeununua. Aliyeniuzia ni mdogo wako. Alisema mnajenga upya."

"Tunajenga na nini?" Mama akauliza. Akakunjua mkeka aliokuja nao, akautandika mbele ya duka. "Basi tutakaa hapa, kaka. Nyumba haina mlango, na mlango wangu uko hapa."

Tukakaa. Kila mteja aliyefika Mama alimwamkia, akamsimulia kisa chote kwa upole, bila kumlaumu mwenye duka hata kidogo. Watu walicheka, wakasahau walichokuja kununua. Bibi mmoja aliyefuata chumvi aliketi mkekani akatumenyea machungwa. Mimi nilikuwa nikiomba tusiondoke.

Alasiri mwenye duka alitoka na bisibisi. "Chukueni, dada. Yule kijana nitamalizana naye mwenyewe."

Tuliubeba kichwani, Mama mbele, sisi nyuma, tukakatisha soko zima huku tukiwapa wakubwa shikamoo kutoka chini ya ubao. Rangi ya kijani ilikuwa mbichi bado. Ilitushika nywele, na dada yangu alinyolewa.

Mjomba hakurudi, na Mama hakumtaja. Mwaka uliofuata, mchana, tulisikia kelele za mwizi kule stendi. Watu walikuwa wamemzunguka mtu aliyenyakua furushi la mitumba. Mama aliacha vitumbua vyake jikoni akapenya katikati ya mawe na fimbo. Nilikuwa nimeng'ang'ania kanga yake, nikamwona mjomba chini, damu inamtoka sikioni.

"Huyu ni wangu," Mama akasema. "Kama mnampiga, nipigeni na mimi."

Hakupaza sauti. Mwanamume mmoja aliangusha jiwe lake, halafu na wengine wakaanza kuondoka, wakiona haya.

Mama alimuuguza sebuleni kwetu kwa maji ya chumvi na uji. Siku mjomba alipoweza kukaa alisema, "Dada, nisamehe."

"Kunywa uji," Mama akamjibu.

Mjomba alipopata nguvu, Mama alimpeleka Milola kwa bibi. Huko alilima mihogo na korosho, akaoa, akapata watoto. Mguu mmoja haukupona sawasawa. Tulipokwenda likizo aliendelea kutuchekesha, ila mjini hakukanyaga tena, na sisi hatukumuuliza kwa nini.