Maradhi Mawili ya Fundi Saa

Wateja wapya walikuwa wakimuuliza mama aliyekaa mezani fundi yuko wapi. "Unazungumza naye," mama yule alikuwa akijibu bila kuinua macho. Kazi aliirithi kwa baba yake pamoja na chumba chenyewe: hakina dirisha, taa moja imeinamia meza, na ukutani saa ishirini zinabishana kuhusu wakati.

Alipofika miaka arubaini na mmoja vidole vilianza kumgeuka. Akishika kibano cha chuma asubuhi ya baridi, vinakuwa vyeupe kama chaki, kisha vya buluu, kisha vyekundu huku vikiwaka moto. Baadaye ngozi ikakaza, mikononi kwanza, halafu usoni, hata kijiko kikawa kinapita mdomoni kwa shida. Hospitali wakampa jina la ugonjwa huo: skleroderma. Kinga ya mwili inakosea njia, ngozi na viungo vya ndani vinakakamaa. Hakuna dawa ya kuuondoa, walimwambia, ila ya kuutuliza ipo.

Akazimeza dawa. Akavaa glavu na mikono mirefu, akaacha saa za mkononi, akabaki na za ukutani zenye skrubu kubwa. Kilichomchosha zaidi ni macho ya watu. Akawa anatoka nyumbani jua halijapanda, anarudi likishazama.

Mwaka wa sita nyonga zikaanza kumuuma, na mapaja yakaisha nguvu. "Sasa umeingia kwenye mifupa," alijiambia, akajikaza kisabuni. Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Wifi yake, dada wa mumewe, mpishi wa shule mwenye mdomo usiojua breki, alimkuta siku moja amekaa kwenye ngazi za nyumbani, mfuko wa sokoni magotini.

"Wifi, siku hizi unalinda ngazi?"

"Napumzika tu."

"Jana pia ulipumzika hapohapo. Na juzi umeinuka kitini umeshika ukuta. Wewe, mficha maradhi..."

"Usimalizie!"

"Haya, simalizii. Kesho twende hospitali, la sivyo namwambia kaka."

Wakaenda. Daktari, binti mdogo mwenye subira, alimuuliza anakula nini, tumbo linamsumbua vipi, jua linampata saa ngapi. Akamkandamiza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, fundi akaruka. Wakamtoa damu. Wiki iliyofuata majibu yakarudi.

"Mama, vitamini D yako iko chini sana."

Wifi akaangua kicheko. "Daktari, jua lote hili linalotuchoma, mtu akose vitamini ya jua?"

"Wenye skleroderma wengi wanaikosa," daktari alisema. "Ngozi ndiyo inayoitengeneza, na yake imekakamaa, tena anaifunika. Utumbo nao ukilegea kazi, hata ya kwenye chakula haiingii vizuri. Ikipungua, mifupa inauma na misuli inachoka."

"Kwa hiyo siyo ugonjwa wangu?" fundi aliuliza.

"Ugonjwa umechangia. Lakini hili lina dawa. Ngozi haitalainika, nisikudanganye. Nyonga tutajaribu."

Njiani fundi alizifikiria saa zake. Kila saa iliyosimama aliifungua kwanza ndipo aseme inaumwa nini. Mwili wake mwenyewe aliuhukumu bila kuufungua, mwaka mzima.

Akaanza vidonge vya vitamini D vya dozi kubwa mara moja kwa wiki, na damu ikawa inapimwa tena. Daktari alimruhusu pia jua kidogo la asubuhi, mikono wazi, asiungue wala asipigwe na baridi. Siku ya kwanza alitoa kiti nje ya duka, akakunja mikono ya gauni. Mshona viatu wa jirani akakodoa macho.

"Mama, uliungua?"

"Sikuungua. Ni ugonjwa, hauambukizi."

"Pole. Basi sogea huku, hapo kivuli kinakuja."

Akasogea. Mshona viatu akarudi kwenye kiatu chake.

Mwezi wa nne wa matibabu akapanda mpaka kwake ghorofa ya pili kwa pumziko moja tu, wifi akimfuata nyuma na kumhesabia vidato kama mwamuzi wa ndondi. Vidole havikupona. Wiki hiyohiyo kijana mmoja alileta saa ya mkononi ya marehemu babu yake, na fundi, baada ya kuigeuza mara mbili, ikabidi amwelekeze kwa fundi mwingine. Jambo hilo lilimuuma. Usiku huo alimweleza mumewe yote, tangu saa iliyomshinda hadi nyonga alizomficha, wala hakubakiza kitu.