Butani ya Viazi na Minji

Juzi binti yangu alitandaza mipira ya plastiki mezani, akiunganisha kaboni na haidrojeni kwa kazi ya shule, na pua yangu ikajaa harufu ya minji mbichi, zile njegere za kijani.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakaa Pipeline, mtaa wa maghorofa yaliyobanana Nairobi, nguo za majirani wa juu zikidondosha maji dirishani kwetu. Alasiri moja dada yangu Nekesa, aliyekuwa sekondari, alichukua viazi vidogo na minji vya chakula cha jioni, akaviunganisha kwa vijiti vya meno.

"Kiazi ni kaboni," aliniambia. "Ina mikono minne, na haikubali hata mmoja ukae bure. Minji ni haidrojeni, mkono wake ni mmoja tu. Nikiviunga hivi, napata butani."

"Butani ni nini?"

"Si ni gesi ya mtungi, ile ya kupikia."

Mama alipotoka kazini alichomoa vijiti, akatia viazi na minji sufuriani. Nilikuwa na njaa, nikala. Kisha mama akainjika chai, nami nikajibanza mlangoni, nimeziba mdomo kwa kiganja.

"Na wewe una nini?" mama aliniuliza.

"Nimekula gesi."

Nekesa alicheka hadi akakaa sakafuni. Mama hakucheka. Alinitazama, akafikiri kidogo.

"Basi usicheue mpaka chai ichemke."

Leo najua kwamba hata kiazi chenyewe kina kaboni na haidrojeni, na mwili hukichoma polepole bila moto. Binti yangu alipomaliza kunieleza mipira yake, aliniuliza kama nimemwelewa. Nilimwambia nimeelewa vizuri, ila chai ikiwa mekoni, mpaka leo sicheui.