Barua ya Mistari Mitatu

Siku ya kwanza kazini, Biharamulo, nilikabidhiwa taipu na karatasi za kaboni, zile nyeusi za kutolea nakala. Katibu wa ofisi akaniambia, "Kijana, barua isiyosalimia haina adabu." Basi nikawa nasalimu, nasifu Ujamaa, naulizia mazao, ndipo ukurasa wa pili naomba saruji. Saruji yenyewe ilichelewa hadi tukasahau tuliiombea nini.

Nikahamishiwa Ngara. Afisa Utawala wa huko akapiga mstari mwekundu juu ya aya zangu nne. "Ndugu karani, unayemwandikia ana mafaili tele. Sema shida yako, tia sahihi, nyamaza!"

Haya, nimsikilize nani? Kichwa kilinizunguka kweli kweli.

Vita vya Kagera vikaanza. Akaja mama mmoja kwa miguu kutoka Mugoma. Mwanawe, Yohana Petro, alikuwa ameondoka na mgambo, na miezi ilikuwa imepita kimya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niulizie huko jeshini kama yu hai."

Akaeleza yote: jina la babu, kovu la jembe mguuni, hata mbuzi aliyemwachia. Nami, kwa kujitia hodari, nikaandika mistari mitatu: jina, wilaya, yuko wapi. Afisa akanisifu. Nilivimba kichwa!

Majibu yakaja: "Wenye jina hilo kutoka Ngara ni wawili. Mmoja ameuawa. Leteni maelezo zaidi."

Nilimsomea mama yule.

"Kovu hukuandika?"

"Sikuandika, mama."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Nikaandika upya. Babu nikamweka, kovu nikaliweka. Mbuzi nikamfuta, nikamrudisha, nikamfuta tena. Ningejuaje kipi kina maana? Tukangoja wiki tatu, jibu likaja:

"Mwenye kovu yu hai."

Mama akanitolea macho. "Basi? Hata salamu hawakuleta?" Kisha akaketi sakafuni akilia. "Soma tena, mwanangu." Nikasoma, nikarudia, mpaka sauti ikanikauka.

Alipoondoka, Afisa akanisogezea karatasi tupu. "Sasa mwandikie mama wa yule mwingine."

"Fupi au ndefu, mzee?"

Alishika kalamu yake nyekundu, akaitazama, akairudisha mezani.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisini huniuliza barua nzuri iwe na urefu gani. Nawaambia ukweli: ile ya mama wa marehemu niliianza asubuhi, nikaichana mara nyingi, na hata leo sijui kama niliiandika sawasawa.