Shangazi Alipoingia Kwenye Mtihani Wangu wa Kiingereza

Aibu yangu hata jina inalo: Siku Mbili. Ndivyo wanavyoniita mpaka leo wote niliosoma nao Dilala, wakiwemo waliokwisha kuwa mababu, na mke wangu naye akikasirika huniita hivyohivyo. Sina wa kumsingizia. Kosa lilikuwa langu, lilitoka kinywani mwangu mwenyewe tukiwa mezani.

Ilikuwa miaka ya Zaïre, ile ya kuitana citoyen, yaani raia, hata darasani, nami nilikuwa mwaka wa tano upande wa lugha, kwa mara ya pili (ndiyo, nilikuwa nimerudia, tena kwa sababu ya Kiingereza hichohicho). Baba alikuwa karani wa stoo mgodini, mtu wa maneno machache, na alikwisha kusema kwamba nikianguka tena ananitoa shule, niende kubeba magunia. Basi mwalimu wetu, citoyen Mukalay, akatangaza kwamba kila mmoja atasimama mbele ya wenzake aseme kwa Kiingereza dakika tatu, bila karatasi, na alama hizo ndizo zitakazoamua nani anapita. Tena ndani ya darasa lake hapakuwa na lugha nyingine: neno moja la Kifaransa au Kiswahili, pointi moja inaondoka.

Mimi nikachagua bwawa la Nzilo, kwa kuwa maneno yake niliyapata yote kwenye kitabu kimoja. Wiki mbili nilikariri maji, ukuta, mitambo na umeme, nikikariri nikioga, nikikariri nikichota maji, nikiwasomea hata kuku wa jirani, mpaka nikaweza kuyasema yote kwa pumzi moja. Ila ungenikatiza katikati, ilikuwa lazima nirudi mwanzo kabisa.

Mama akasikia hiyo minong'ono yangu, akauliza kuna nini. Ningejibu kwamba ni zoezi la shule, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka kujionyesha (umri ule mnaujua), nikakohoa kidogo, nikasema:

"Mama, siku ya ine nitasema Kingereza mbele ya batu. Inspekta wa Lubumbashi atakuya."

"Mbele ya bakubwa?"

"Bakubwa kabisa."

Mama akaacha kula. Sisi ni watu wa Kasai, babu yangu ndiye aliyeletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na kwetu mtoto akisimama mbele ya wakubwa inafaa mtu wa upande wa baba yake amtolee kasala, yaani amsifu kwa kuwataja waliomzaa, walikotoka, alivyozaliwa na aliyoyafanya. Na katika ukoo wetu mwenye kujua kasala alikuwa mmoja tu, shangazi Mbombo, dada mkubwa wa baba, mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Haya yote niliyajua. Sikuyafikiria tu.

Siku ya nne, yaani Alhamisi, ikafika. Inspekta amekaa nyuma, abakosi yake, koti lile la wakubwa la kuvaliwa bila tai, imenyooka, citoyen Mukalay ana kalamu mkononi, mimi nimesimama mbele. Nikaanza. Maji ya mto Lualaba yakaenda vizuri, ukuta ukaenda vizuri, nikawa ndiyo kwanza naingia kwenye mitambo tuliposikia vigelegele uani.

(Baadaye ndipo nilipoambiwa yaliyotokea getini. Shangazi alikuja na mama na wanawake sita wa kwaya, wote wamevaa kikwembe, yaani kitenge, cha namna moja. Na miaka ile wanawake waliovaa sare wakija mahali penye mgeni wa serikali, ilikuwa ni kitu kimoja tu: kundi la animation, wamekuja kumchezea mgeni. Mlinzi akafungua geti lote na kuwapigia saluti, na mkuu wa shule mwenyewe akawaongoza mpaka darasani kwetu akidhani wametumwa kutoka juu. Nani angewarudisha? Ilikuwa kujitafutia matatizo.)

Mlango ukafunguka. Inspekta naye akadhani wamekuja kwa ajili yake, maskini, akasimama, akafunga kifungo cha abakosi, akatabasamu. Shangazi akampita kana kwamba anapita kiti, akaja kusimama mbele yangu, na mama akanimwagia poda kichwani, kama wanavyomwagiwa kwetu waliokwisha kupata diploma.

"Kalonji!" shangazi akaniita kwa jina, na kasala ikaanza, kwa Kiluba chetu cha Kasai, kwa sauti ile.

Citoyen Mukalay akauliza kwa Kiingereza hii ni nini. Nikafungua mdomo, mitambo ya Nzilo ikatoka yenyewe, nikaufunga. Nilijua magunia yananingoja. Kujibu kwa Kiswahili ilikuwa kupoteza pointi, na kumnyamazisha shangazi ilikuwa haiwezekani, maana kasala haikatwi. Ndipo inspekta, akiwa bado amesimama, akauliza kwa Kiingereza kizuri, taratibu: mama huyu ni nani, na anasema nini?

Basi nikaanza kusema, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Huyu ni dada ya baba yangu. Anasema babu yangu aliacha mama yake Kasai na hakumwona tena. Anasema mimi nilizaliwa na kichwa kikubwa, kichwa hicho kikamtesa mama siku mbili. Darasa likapasuka kwa kicheko. Anasema nilikojoa kitandani mpaka miaka minane (ningeweza kuiruka hiyo, lakini wenzangu wenye kujua Kiluba walikuwa wamekwisha kucheka, na inspekta alinitazama akingoja). Inspekta akauliza, miaka minane kweli? Nikamjibu kwamba ilikuwa saba na nusu. Kisha shangazi akasema kwamba mwaka ule mama alipougua, mimi ndiye niliyempikia uji kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na sikumlilia mtu. Nilikuwa sijui kwamba kuna mtu aliliona jambo hilo. Hilo nikalisema mara mbili, bila kuulizwa.

Dakika tatu zilikuwa zimekwisha kuwa robo saa. Mkuu wa shule, ili mambo yaonekane sawa, akawaomba wanawake wamchezee kidogo inspekta naye. Shangazi akamtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka kichwani, akaniuliza, "Na huyu, njo nani?" Lakini wakamchezea.

Citoyen Mukalay akasema Nzilo imepata sifuri kwa kuwa sikuimaliza. Inspekta akamnong'oneza. Wakanipa kumi na mbili juu ya ishirini. Nikapita.

Mngedhani nilifurahi. Nilitembea mbele ya shangazi na wenzake njia nzima ya kurudi nyumbani, poda masikioni, nimenuna, mpaka nikashindwa kuvumilia nikamgeukia shangazi, nikamwita baba wa kike, kama tunavyomwita kwa Kiluba dada ya baba.

"Tatu mukaji, juu ya nini mulikuya? Ilikuwa dakika tatu tu, ya masomo!"

Hakukasirika. Akarekebisha kikwembe chake, akasema:

"Mi nilifika ku mulango, nikaona bale batu banakuangalia sawa mutu mugeni. Hamuna hata moya mwenye kujua weye ni nani. Sasa banajua."

Nilipunguza mwendo, tukaenda pamoja.

Hata hivyo jioni ile niliapa kwamba nyumbani sitataja tena mtihani wa kusema mbele ya watu, na kiapo hicho nilikishika mwaka hadi mwaka, nikifanya mitihani yangu kimya kimya kama mwizi. Nilikivunja mara moja tu, siku chache kabla ya mtihani wa mwisho kabisa chuoni. Nilipanda treni kutoka Lubumbashi, nikaenda mpaka kwa shangazi, nikamwandikia kwenye karatasi tarehe, saa na namba ya chumba.