Mfuko wa Upepo wa Bi Shukriya

Mimi ndiye niliyekiona kwanza kile kitambaa, na mimi ndiye niliyesema neno lililomponza Bi Shukriya. Naliandika mwanzo nisije nikalisahau kwa makusudi mwishoni.

Mtaa wetu hapa Firq, Oman, uko nyuma ya gereji. Mchana kutwa ni nyundo na mashine za kuchomelea, na vumbi linaingia mpaka kwenye mchele. Mwaka 1996 nilikuwa na mazoea, na bado ninayo, ya kupanda juu ya paa kuanika nguo na kukaa huko zaidi kuliko nguo zinavyohitaji. Nililiangalia basi dogo lililomchukua mwanangu Rawan kwenda chuoni Nizwa mpaka lipotee, kisha nikaangalia nyumba za watu. Mume wangu husema hofu yangu ina macho manne.

Asubuhi moja nikaona kitu juu ya paa la Bi Shukriya, jirani wa ukuta kwa ukuta. Kilikuwa kama mguu mmoja wa suruali, kwa mistari myekundu na myeupe, kimefungwa kwenye mlingoti wa antena. Mdomo wake mpana ulishikwa wazi na pete ya chuma, na mkia wake ukielea kule upepo unakokwenda. Upepo ukitulia, kinaanguka chini kama kimekufa.

Bi Shukriya binti Marhoun alikuwa na miaka themanini kasoro, mrefu, mkavu, si mwingi wa maneno. Alizaliwa Tabora, akaolewa Ujiji, na miaka ya sabini akaja Oman na mwanawe Musallam, wakati wengi wetu tuliotoka bara tulipokuja. Musallam alipata kazi Maskati. Mama yake alikataa kumfuata. Alisema Maskati majabali yamekaa karibu mno na uso.

Sisi wanawake wa mtaa tulikuwa na kahawa yetu. Nyumba tano, kila Jumatatu nyumba moja, waume wakishakwenda kazini. Mwenye zamu hutandika busati, huweka tende, halua na matunda yaliyokatwa, na dele la kahawa kando. Kutokwenda kwa mtu bila udhuru ni kumwambia jambo, na kila mtu analisikia.

Jumatatu ile zamu ilikuwa ya Bi Turkiya, ambaye ndiye mkubwa wetu. Familia yake ilitoka Unguja, naye hakubali tulisahau hilo. Bi Shukriya alikuwa ametuma udhuru. Kila mtu alikuwa amekiona kile kitambaa, na hakuna aliyekijua. Mimi, kwa kutaka kuchekesha, nikasema, “Upepo ukija kinafumbua mdomo, kama kinameza.”

Hawakucheka. Bi Turkiya akaweka kikombe chini. “Kinameza nini?”

“Natania tu, Bi Turkiya.”

“Mjukuu wangu ana homa siku ya tatu, hali, hanywi. Na dirisha lake linatazama paa lile.” Akatuangalia mmoja mmoja. “Jamani, sisi tunakaa mwendo mfupi kutoka Bahla, mji wa wachawi. Tulikuwa na haja ya kuletewa uchawi mwengine kutoka Ujiji?”

Hapo ndipo walipocheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha furaha. Nami nilicheka.

Jumatatu iliyofuata zamu ilikuwa ya Bi Shukriya. Mtoto alikuwa ameshapona, lakini neno lilikwishatembea. Nilipanda juu ya paa saa nne ya asubuhi na nguo mbili tu mkononi. Uani kwake busati lilikuwa limetandikwa kivulini, sinia limefunikwa kawa, vikombe vitano vimepangwa. Alikaa amenyoosha mgongo, akiutazama mlango wa barabarani ulioachwa wazi. Hakuja mtu. Kivuli kikasogea, akalisogeza busati kukifuata. Kikasogea tena, akasogeza tena. Ilipoadhiniwa adhuhuri akainuka, akamimina kahawa kwenye mchirizi wa mlimau, akavikosha vikombe vyote vitano ingawa havikuguswa.

Ningeweza kushuka. Kati ya mlango wangu na wake ni hatua ishirini. Niliogopa kuonekana nikiingia.

Ijumaa Musallam alikuja kutoka Maskati na akagonga kwetu. Ni mtu mpole, mnene, anayejifuta jasho hata wakati wa baridi. Mume wangu akaniita nikae nao.

“Dada yangu,” akaniambia, “maneno ya mtaa yamenifikia. Mimi siogopi kitambaa. Naogopa jengine. Mama akianguka bafuni hapa, nani atajua? Kama majirani hawaingii kwake, simwachi. Nimemwambia, zamu yake ya kahawa ikirudi, wakija anabaki. Wasipokuja namchukua.”

“Yeye kasemaje?”

“Kasema sawa. Lakini kukishusha hakishushi. Msemeze wewe, ninyi wawili ni watu wa Ziwa.”

Kweli, mimi ni mtu wa Kigoma. Siku ya pili nikaenda, na nikamchukua Rawan, kwa kuwa peke yangu nilikuwa na aibu.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Umetumwa na Musallam.”

“Sikutumwa.”

“Basi umetumwa na Turkiya.”

“Nimekuja mwenyewe, bibi.”

“Hapo ndipo siamini kabisa. Kaeni.”

Alitupa kahawa. Nilizunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Rawan, ambaye Kiswahili chake ni cha watoto wa hapa, akauliza tu: “Bibi, ile kitu ya juu ni ya nini?”

Bi Shukriya akamtazama, akainuka. Kisha akaingia ndani, akarudi na kijitabu chenye jalada la nguo, kimeliwa na wadudu pembeni. “Soma wewe, mwenye skuli.”

Ulikuwa mwandiko wa Kiingereza. Rawan alisoma taratibu: tarehe za mwaka 1935, Tabora, dakika ishirini, dakika thelathini, na kila mstari una jina la Shukriya. Mistari kumi na mitatu. Wa mwisho ulisema dakika kumi na moja, na kwamba alikuwa peke yake.

“Peke yake kufanya nini?” nikauliza.

“Kurusha ndege,” akasema Bi Shukriya.

Baba yake alikuwa na duka, na ndiye aliyekuwa akipeleka madebe ya petroli kiwanja cha ndege cha Tabora. Mwaka ule ilitua ndege ndogo ya mabawa mawili juu na chini, viti viwili vilivyofuatana, wazi juu. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa Kizungu, anasafiri peke yake kwenda kusini. Waliomlaki walimwita Misi Wini. Gurudumu lilivunjika wakati wa kutua. Likatengenezwa, lakini kibali cha kuvuka mpaka hakikuja, akakaa karibu miezi miwili. Mamake Shukriya akasema haifai mwanamke ale peke yake kiwanjani kama mlinzi, akawa anampeleka binti na chakula asubuhi. Binti alikuwa na miaka kumi na saba.

“Siku ya tano akanionyesha kiti cha mbele,” alisema. “Nikavua buibui, nikaliweka juu ya madebe, nikalizuia kwa jiwe. Kitu cha kwanza alichonifunza si usukani. Alinifunza kuutazama mfuko wa upepo pale kiwanjani. Asiyejua upepo unatoka wapi, haruki na hatui. Na kila tukishuka aliandika humu kitabuni, akanipa nikae nacho.”

“Na siku ya mwisho?” Rawan alikuwa amesogea mpaka magoti yao yanagusana.

“Aliteremka, akanipiga begani, akarudi nyuma. Ndege ilikuwa nyepesi kwa kuwa yeye hayumo, ikainuka kabla sijaitaka. Nikaona reli inang’aa. Nikaona paa letu, na mama uani anaanika mtama. Akainua kichwa, akaweka mkono juu ya macho. Mama yangu mzazi, ananitazama, na hanijui.” Akakifunga kijitabu. “Nimekuwa mjane, nimekuja nchi nisiyoijua. Sijawahi kuwa peke yangu kama dakika zile. Na sijawahi kutamani kitu kama kuzirudia.”

Baba mdogo wake alipita kiwanjani asubuhi ile na kuliona buibui juu ya madebe. Ndivyo ilivyojulikana. Shukriya alifungiwa chumbani, na mwezi haukwisha akapelekwa Ujiji kwa mume. Kabla ya hapo, siku moja alisikia ndege ikizunguka juu ya nyumba, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Alikuwa anaondoka, ananitafuta. Sikuwa na dirisha. Sikuwa na kitambaa cha kumwonyesha kwamba nipo. Ndiyo nimekiweka sasa, hakuna wa kunikataza. Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea kuomba ile pete, akaniuliza kama nakwenda kutega samaki.”

“Lakini bibi, Misi Wini leo…”

“Ameshakufa bila shaka. Mimi si mwendawazimu. Lakini ndege zinapita.”

Nikamwomba anipe ruhusa niwaeleze wanawake, mambo yaishe. Akaukamata mkono wangu kwa nguvu nisiyoitarajia.

“Niliwaeleza watu wa Ujiji. Wakanipa jina la Bibi Mbawa. Watoto wakinikuta njiani wananyoosha mikono na kunguruma. Mume wangu akanitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kiwete. Uchawi hawa wanauogopa, hili watalicheka. Kuogopwa nakuweza. Kuchekwa kulinishinda. Niapie.”

Nikaapa, na Rawan akaapa.

Jumatatu ya zamu yangu Bi Shukriya hakutoka kwake, nami nikawaambia wenzangu nilichoweza: kwamba lile neno la kumeza nililitunga mimi, na kwamba kitambaa ni cha kujulia upepo tu.

“Upepo!” Bi Turkiya akapiga makofi. “Ana jahazi?”

“Bi Turkiya, mimi ndiye niliyekosa. Mtoto alipona, na kitambaa bado kipo. Na tusipomwendea, mwanawe anamhamisha.”

“Sasa na wewe amekupaka nini?”

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na tende. Kiapo kikanizuia, nikawazungushia kahawa tena.

Zamu ya Bi Shukriya ikarudi. Safari hii niliingia mapema, mlango wa mbele, na sinia langu la vitumbua. Tukakaa wawili kwenye busati la watu wengi. Saa nne na nusu tukasikia viatu. Bi Turkiya alisimama mlangoni na wale wengine wawili nyuma yake, na moyo wangu ukafunguka.

“Salaam alaykum. Tumekuja, Bi Shukriya,” akasema. “Sisi si watu wabaya. Kishushe kile, tuingie.”

Bi Shukriya hakuangalia juu. Aliangalia dele, akaangalia vikombe. Niliona kidole chake kinacheza kwenye pindo la kanga, na nikajua anataka waingie. Alitaka sana.

“Karibuni,” akasema. “Kahawa inapoa. Kitambaa hakishuki.”

Bi Turkiya akangoja kidogo. Nadhani hata yeye alitaka sababu ya kuingia. Kisha akageuka, na wenziwe wakamfuata. Bi Shukriya akanimiminia kikombe cha pili.

“Musallam atakuuliza wewe,” akaniambia. “Sema utakavyo.”

Alipiga simu jioni ile ile. “Dada yangu, walikuja?”

Ningeweza kusema ndiyo, walikuja watatu, na isingekuwa uongo mtupu. Lakini nilifikiri juu ya sakafu ya bafu lake, na siku ambazo nakuwa kwa mama mkwe wangu huko Samail, na paa langu halina mtu wa kuangalia. Hofu yangu ikajibu kabla yangu. “Walifika mlangoni,” nikasema. “Hawakuingia.”

Ijumaa Bi Shukriya akaondoka na masanduku mawili na godoro. Hakunilaumu. Alinipa ufunguo, akasema mfuko ubaki juu.

Huko Maskati aliwekwa katika fleti ya ghorofa ya tatu, karibu na kiwanja cha ndege chenyewe. Ndege kubwa zinapita juu yake usiku na mchana, lakini dirisha halifunguki kwa sababu ya kiyoyozi. Kila asubuhi alinipigia simu.

“Mama Rawan, upepo unatoka wapi leo?”

Nami napanda, naangalia, nashuka. “Kutoka Jabal Akhdar, bibi. Mfuko umejaa.”

“Ungeweza kuruka?”

“Wewe ungeweza.”

Mwaka 1999, mwezi wa Februari, simu haikulia siku mbili. Siku ya tatu alipiga Musallam.

Zamu yangu ya kahawa bado inakuja, na watu wanakuja, Bi Turkiya pia. Huketi ambapo halioni paa la jirani. Nyumba ile haijapata mpangaji, na mfuko umechanika mara mbili kwa upepo wa gharbi, ule wa moto utokao jangwani. Mara ya pili nimeushona kwa kitambaa cha buluu, kwa kuwa chekundu sikupata. Rawan sasa anafundisha Ibra na harudi ila mwisho wa wiki. Nikishaliangalia gari lake mpaka lipotee, nageuka, naangalia mdomo wa mfuko umeelekea wapi, na nasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyeuliza.