Meno ya Mjomba, Chumba Namba Nne

Mama mwenye gesti yetu pale Masasi alikuwa na sheria moja kwa sisi wahudumu: cha mgeni hakiguswi. Na ili ahakikishe, alitutega. Unaingia kufagia chumba mgeni akishaondoka, unakuta korosho saba za kukaanga mezani, zimepangwa kama wanakwaya. Mama akizikuta sita, jioni hiyohiyo unafunga virago. Aliyenitangulia aliondoka kwa korosho moja, tena wanasema ilikuwa imeungua.

Mimi nilikuwa kwenye mwezi wa majaribio. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu wa hesabu, kwa hiyo mtihani nikiuona naujua. Nilivuka mitego yote: hereni chini ya mto, kitenge kipya nyuma ya mlango, chupa ya asali ambayo harufu yake ilinifuata hadi ndotoni. Nilikuwa mwaminifu hata mbu wa wageni sikuwaua.

Zilibaki siku mbili nithibitishwe. Asubuhi naingia namba nne, alikolala mzee mmoja wa heshima aliyeondoka alfajiri kwenda Newala. Dirishani pana glasi ya maji. Ndani ya glasi, meno ya bandia, safu nzima ya juu, yananichekea.

Nami nikayachekea. "Mama, safari hii umezidi!" Nikatandika, nikapangusa vumbi kuizunguka glasi, nikaenda mapokezi kifua mbele.

"Mama, namba nne tayari. Kila kitu kipo palepale."

"Vizuri," akasema. Nikajua nimefaulu.

Saa nne simu ikaita. Mama akasikiliza, uso ukamkunjamana. "Sema polepole, baba, sikuelewi." Mimi niliyesimama pembeni nilisikia sauti kama uji unaomwagika. Mama akakata simu, akanigeukia.

"We kijana! Namba nne umeona meno?"

"Nimeyaona, Mama. Wala sikuyagusa!"

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani ni ya kwako."

"Yangu?" Akapanua kinywa mpaka nikaona alichokula jana. "Haya hapa ni ya nani?"

Kumbe yule mzee ni mjomba wa bibi harusi anayeolewa leo huko Newala. Na kwetu, mjomba asipotamka neno lake, bibi harusi haondoki nyumbani, hata shehe na padri waje pamoja. Alidhani meno yamo mfukoni mwa koti. Sasa amejifungia chumbani, anasema mbele ya wakwe hatoki na mapengo.

"Ndoa hii ikilala kwa ajili ya gesti yangu, humu watapanga popo," akasema Mama. "Yapeleke. Usipoyafikisha, usirudi."

Nikayatia kwenye kopo lenye kifuniko, nikapanda bodaboda. Kwenye kona za kupandia Newala nililikumbatia kopo kama kuku anayeatamia. Tulipofika juu niliiona Msumbiji yote, na nadhani mtu mmoja kule alinipungia.

Nyumbani kwa harusi akina mama walikuwa wameimba nyimbo zote wanazozijua, sasa wanarudia ya kwanza. Nikapitishwa chumbani. Mjomba alikuwa ameziba mdomo kwa leso.

"Shikamoo, mjomba."

Akaitikia kwa kichwa. Akapokea kopo, akageukia ukutani, akarudi na uso uliopungua miaka ishirini.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwingine ameyaona?"

"Mimi na Mama tu."

"Basi hamkuyaona. Wakikuuliza?"

"Nimeleta dawa yako ya presha."

"Una akili, wewe."

Akatoka. Alisema kwa muda ambao mkorosho ungepandwa ukazaa. Bibi harusi akaondoka kwa vigelegele, nami nikaondoka na mfuko wa korosho alionipa mjomba mwenyewe.

Masasi nilifika jua linazama. Nikamwekea Mama mfuko mezani, mzima, haujafunguliwa.

"Za nani?"

"Nimepewa, Mama."

Akaufungua, akazipanga saba kwenye sahani, akaisukuma mbele yangu. "Kula. Ni zako."

Nikazitazama. Tumbo linanguruma, mkono umegoma. Nikazitazama mpaka Mama akaangua kicheko, akachukua moja, akaitafuna.

"Zimebaki sita," akasema. "Umethibitishwa. Lakini ukiona meno tena, niite."